Picha Saba za Mtu wa Panga

Msichana aliyegonga geti la mzee Abasi, mtaa wa Njiro mjini Arusha, asubuhi ile ya Jumatatu alikuwa na matope kwenye buti zake za mpira. Mzee Abasi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwepesi wa kuamua, na kabla hata hajasalimiwa alimwambia kwamba dada wa kazi walikuwa wameshapata.

"Shikamoo baba," msichana alisema. "Sikuja kutafuta kazi. Namtafuta mama mpiga picha. Bi Hafidha."

"Marahaba. Mna miadi?"

"Hatuna. Ila yeye ana picha ya baba yangu."

Abasi alimtazama upya kuanzia kichwani, akamfungulia, akamwacha amesimama barazani. Hakumwambia akae. Alipoingia ndani alimkuta mkewe pale alipomwacha tangu chai, kwenye meza ya kulia, katikati ya bahasha na maboksi, kioo cha kukuzia mkononi. Kwa miezi miwili Hafidha alikuwa akizipitia picha zake za zamani za vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Burundi, moja baada ya moja, akitumia jicho la kulia kwa sababu la kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Jumamosi ya wiki hiyo maonyesho yake yangefunguliwa kwenye ukumbi mmoja mjini Arusha, ya kwanza kufanyika nyumbani, na binti yake Sophia ndiye aliyehangaika kutafuta wafadhili, ukumbi na mchapishaji wa kitabu.

"Kuna mtoto nje ana matope," Abasi alisema. "Anasema una picha ya baba yake."

Hafidha alitoka. Msichana akavua buti bila kuambiwa, akabaki na soksi, akatoa simu.

"Naitwa Princess. Natoka Tengeru. Mimi na baba tunauza miche. Mama, huyu ni baba yangu."

Kwenye simu palikuwa na bango la maonyesho, lile ambalo Sophia alilisambaza wiki iliyopita. Lilikuwa na picha iliyompa Hafidha jina, picha ambayo dunia iliipa jina la Mtu wa Panga. Kijana wa miaka thelathini hivi ameketi kwenye ngazi ya shule, panga limelala mapajani, macho yameelekea moja kwa moja kwa anayemtazama. Nyuma yake, kwenye sakafu ya veranda, inaonekana miguu ya watu waliolala na ambao hawataamka tena. Sikio la kushoto la kijana huyo lilikuwa limekatika ncha. Chini ya picha pameandikwa: *Mmoja wa wauaji akipumzika baada ya kazi.*

"Jumatano liliingia kwenye grupu la WhatsApp la usharika wetu," Princess alisema. Alikuwa amejiandaa, maneno yake yalitoka yakiwa yamepangwa. "Mzee mmoja akauliza, jamani huyu si Severini wetu? Hilo sikio je? Mpaka jioni Tengeru nzima wanalo. Baba ni mzee wa kanisa, yeye ndiye hupitisha kapu la sadaka. Jana kapu akapewa mtu mwingine. Tulipokaa, watu wa benchi letu wakahama. Hawakugombana na mtu. Walihama mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaokwenda chooni. Tukabaki mimi, mama na yeye, benchi zima."

"Yeye anasemaje?" Hafidha aliuliza.

"Hasemi kitu. Nilimuuliza kama ni kweli. Akaniambia, kamuulize aliyepiga." Hapo maneno aliyoyapanga yakamwishia, sauti ikapanda. "Basi nimekuja kukuuliza, mama. Baba yangu aliua watu?"

Abasi alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mkewe akishika nguzo ya baraza.

"Baba yako hakuua mtu," Hafidha alisema.

"Una uhakika?"

"Nilikuwepo. Niliona alichokuwa anafanya."

Princess alilitazama bango, akamtazama yeye. "Sasa mbona imeandikwa hivi?"

Hafidha alimwomba namba ya simu, akamwambia asubiri chai. Msichana alimpa namba. Chai hakusubiri. Alivaa buti zake barazani, akaondoka bila kuaga, na kwa msichana aliyeingia na shikamoo, hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko kama angetukana.

* * *

Hafidha alihifadhi negativu zake za filamu kwenye kabati la chuma, ndani ya bahasha za karatasi, na kila droo ilikuwa na kifuko cha mchele wa kunyonya unyevu. Alijua bahasha ilipo. Kwa miezi miwili alikuwa ameiruka, akijiambia kwamba picha ile imeshachapwa vya kutosha, hakuna haja ya kuichambua tena. Sasa aliitoa, akaenda nayo dirishani, akauinua mkanda kwenye mwanga wa mchana.

Mkanda ulikuwa mzima, haujakatwa. Kuanzia picha ya kumi na moja hadi ya kumi na saba, zote za dakika zisizozidi ishirini, mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita, kwenye kilima kimoja mwendo wa nusu siku kutoka mpakani.

Ya kumi na moja: mgongo wa kijana, panga limeinuliwa, anakata jani la mgomba nyuma ya shule. Ya kumi na mbili: anakuja na majani begani. Ya kumi na tatu: ameinama, analitandaza jani juu ya mwili mdogo, mkono mmoja ukiinyoosha miguu ya mtoto ili jani lienee. Ya kumi na nne, ile iliyozunguka dunia: amechoka, amekaa. Ya kumi na tano: anakunywa maji kwenye chupa ya Hafidha, chupa ya jeshi yenye kitambaa cha kijani. Ya kumi na sita: ameinama tena. Ya kumi na saba: mstari mrefu wa majani ya migomba verandani, na yeye amesimama mwishoni, mikono mitupu.

Alimkumbuka mpaka sauti. Kijana alizungumza Kiswahili kizuri cha watu wa mpakani. Alipomaliza maji alimrudishia chupa, akasema asante, akamwuliza, "Dada, huko kwenye gari hamna jembe?" Hawakuwa na jembe. Dereva alikuwa akipiga honi kwa sababu milio ya risasi ilikuwa imeanza kusogea bondeni. Hafidha akakimbilia gari, akamwacha kijana na maiti kumi na moja, bila jembe.

Filamu aliituma kwa shirika la habari la ng'ambo lililokuwa limemwajiri kwa kibarua; negativu walimrudishia baadaye. Wiki tatu baadaye, akiwa Nairobi, aliliona gazeti. Walikuwa wamechagua moja kati ya saba, na mtu ambaye hakuwahi kufika hata mpakani alikuwa ameiandikia maelezo. Alipiga simu. Mhariri akamwambia picha imeshakwenda kwenye magazeti arobaini, kwamba ni picha ya maisha, ambayo mpiga picha huipata mara moja tu, na kwamba asihofu. "Huyo mtu atakushtaki wapi?" aliuliza, akacheka.

Na Hafidha akacheka. Kwa miaka yote hii, hicho kicheko ndicho alichokuwa anakiruka kila alipoiruka bahasha. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwanamke peke yake katika kazi ya wanaume, na mhariri alimwambia ana picha ya maisha. Alicheka, akakata simu. Miezi minane baadaye akapewa tuzo.

* * *

Sophia alifika kutoka ofisini saa kumi na moja, na kadi za mwaliko ndani ya mfuko. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu wa orodha na ratiba, na alipomaliza kusimuliwa alikaa chini polepole na mkoba bado begani.

"Mama, nisikilize. Tubadilishe maelezo tu. Tuandike, mtu akiwa na panga wakati wa vita. Tutoe neno wauaji. Basi."

"Watu wa Tengeru wameshalisoma hilo neno. Tukilitoa watalisahau?"

"Basi tuitoe picha kabisa."

"Tukiitoa wataona tumeificha."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka zichapwe zote saba, zining'inie pamoja, na mimi nisimame niseme nilijua."

Abasi aliweka kikombe chini. "Hafidha. Hii nyumba msingi wake ni ile tuzo. Kiwanja kilinunuliwa nayo. Mimi duka langu la spea lilileta bati na madirisha, lakini kiwanja na msingi ni ile picha. Mtaa mzima wanajua, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa najisifu. Leo nitoke nikawaambie nini msikitini? Kwamba tumelala miaka ishirini na nane juu ya jina la mtu?"

"Ndivyo tulivyolala."

"Mimi sikujua!"

"Wewe hukujua. Ndiyo maana nasema mimi."

Sophia alikuwa akikwaruza kadi ya mwaliko kwa kucha. "Darasa la sita," alisema bila kuinua uso, "mwalimu alituambia tuje tusimulie kazi za wazazi wetu. Nilikuja na ile picha kwenye fremu. Nikawaambia darasa zima kwamba mama yangu alisimama mbele ya muuaji na hakukimbia. Walinipigia makofi."

"Najua," Hafidha alisema. "Wazazi tulialikwa. Nilikuwa nimekaa nyuma."

Sophia aliinua uso. Aliutazama uso wa mama yake, kisha akanyanyuka na mkoba wake begani akaenda chumbani kwake. Abasi akabaki akikusanya kadi zilizodondoka sakafuni, akizipanga vizuri, ingawa hakujua tena ni za kazi gani.

* * *

Kesho yake Abasi ndiye aliyeendesha gari kwenda Tengeru. Hakusema amekubali. Alisema tu kwamba jicho la mkewe si la kumwacha aende peke yake. Princess aliwapokea barabarani akawaongoza kwa miguu kupita migomba na kahawa mpaka kwenye banda la miche, uwanja mdogo uliofunikwa na neti nyeusi, viriba vya parachichi na mipapai vimepangwa kama watoto wa shule asubuhi.

Severini alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajaza udongo kwenye viriba. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Sikio lilikuwa lile lile. Alisimama, akapangusa mikono, akawasalimia wote wawili kwa mkono, akamletea Abasi kiti. Kwa Hafidha alisogeza ndoo.

"Ulikuwa na chupa ya kijani," alisema.

"Ndiyo."

"Maji yalikuwa na ladha ya chuma."

Hafidha alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, akayaacha. Alifungua bahasha akatoa picha saba ndogo alizozichapa asubuhi hiyo mjini, akazipanga juu ya meza ya kupandikizia. Severini alizitazama zile za mwanzo haraka, akazipita. Ya kumi na tatu aliichukua mkononi. Aliishika kwa kingo ili udongo wa vidole usiiguse.

"Huyu ni Odeta," alisema. "Alikuwa na miaka sita. Mtoto wa dada yangu." Kidole kikasogea bila kugusa. "Huyu wa pembeni ni Goreti. Mke wangu."

Princess, aliyekuwa akimwagilia, aliweka keni chini. "Mke wako?"

"Mama yako anajua," Severini alimwambia bila kugeuka. "Wewe ulikuwa bado mtoto. Halafu ukawa mkubwa, na mimi nikawa nimeshazoea kutosema." Akairudia picha. "Nilipokimbia sikubeba kitu. Miaka ishirini na nane sina picha hata moja ya watu wangu. Kumbe zipo. Zipo kwako, Njiro."

Hapo ndipo Hafidha alipolia. Severini hakumbembeleza. Alimsubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili aendelee na kazi.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" Abasi aliuliza, kwa upole ambao mkewe alikuwa hajausikia tangu jana. "Hata sasa, kanisani. Ungesema tu hukuua."

"Nikisema sikuua, nitaulizwa nani aliua. Nitaulizwa waliouawa ni akina nani. Halafu wataniuliza wewe ulipona vipi. Nilipona kwa sababu nilikuwa bondeni kukata nyasi za ng'ombe, kwa panga hilo hilo. Nilisikia kelele nikajificha kwenye mafunjo mpaka zikaisha. Mzee wangu, unataka nisimame mbele ya watu niseme nilijificha mke wangu akiuawa?"



"Nikufanyie nini?" Hafidha aliuliza. "Sema lolote. Nikiweza nitafanya, na nisipoweza nitatafuta njia."

"Pesa usinipe, maana nakuona umeshika mkoba." Hafidha aliuachia mkoba. "Useme. Si kwenye simu, simu ndiyo imeniua. Usimame pale pale waliponihama, uwaeleze kwa mdomo wako. Na jambo la pili, uandike majina. Wewe jina lako lipo chini ya picha ile kila mahali, nimeliona. Wao ni kumi na mmoja na hakuna hata mmoja aliyeandikwa."

Hafidha alitoa daftari. Jicho halikumruhusu kuandika kwa herufi ndogo, hivyo kila jina lilichukua nusu ukurasa. Severini alitaja polepole, akirudia herufi pale alipomwona anakosea: Goreti. Odeta. Gaspari, baba yake. Venansia, mama yake. Ladislasi, mwalimu wa shule ile. Princess alisogea akasimama nyuma ya baba yake, na kwa kila jina aliuliza kimya kimya, "Huyu ni nani kwetu?" na kwa kila jina alijibiwa.

* * *

Jumatano jioni Hafidha aliwaandikia wafadhili, mchapishaji na waliompa tuzo. Barua ilikuwa ya aya tatu, na Sophia aliisoma mara mbili akitafuta pa kulainisha, asipate. Alhamisi mchana majibu yakaanza. Wafadhili walisema kwa heshima zote kwamba jina lao lisingeweza kuhusishwa na mzozo. Mchapishaji alisema wasubiri kwanza, naye hakusema wasubiri mpaka lini. Watu wa tuzo walisema wataunda kamati. Mwenye ukumbi alipiga simu kuuliza kama Jumamosi anaweza kuwapa watu wa harusi.

"Mpe," Hafidha alimwambia Sophia.

Sophia alimpa. Akafuta bango kila mahali alipoliweka, akaandika maelezo mapya, akatukanwa na watu asiowajua, wengine wakimwita mama yake mwongo na wengine wakisema anatafuta umaarufu uzeeni. Kazini bosi wake alimwambia achukue likizo fupi, akisisitiza neno fupi. Aliyapokea yote hayo kwa uso mkavu. Ijumaa alitoka asubuhi bila kusema anakokwenda, akarudi na bomba refu la kadibodi. Ndani yake mlikuwa na karatasi ngumu ya urefu wa mita mbili na nusu: picha saba zimechapwa kama zilivyo kwenye mkanda, na matundu yake ya pembeni, na namba zake, ili mtu yeyote aone kwamba hakuna kilichokatwa wala kuunganishwa. Chini yake, kwa herufi kubwa, majina kumi na moja.

"Nimechapisha kwa sababu ni kazi na mimi ndiye ninayeijua," Sophia alisema. "Usiniambie nifurahi."

"Sikuambii."

"Na nitakuja kuishika. Wewe utakuwa unaeleza."

* * *

Jumapili, kanisani Tengeru, Mchungaji Fanuel aliwapa dakika kumi wakati wa matangazo, baada ya habari za jumuiya na kabla ya baraka. Hafidha alivaa baibui lake jeusi na mtandio wa kijivu. Katika maisha yake aliingia kanisani kwa misiba na harusi tu, na sasa alipita katikati ya benchi huku watu wakigeuka kumtazama, Abasi akiwa nyuma yake amevaa kofia yake ya Ijumaa. Upande wa kushoto, karibu na dirisha, benchi moja lilikuwa na watu watatu tu. Kanisa lilikuwa limejaa, wengine wamesimama, na benchi lile lilikuwa na watu watatu.

Sophia na Princess walikunjua karatasi mbele ya madhabahu, kila mmoja upande wake.

"Bwana Yesu asifiwe, nimefundishwa hivyo ndivyo mnavyosalimiana," Hafidha alianza. Wachache wakaitikia. "Mimi ni Mwislamu, naitwa Hafidha, ni mpiga picha. Ile picha mliyoiona kwenye simu zenu niliipiga mimi. Ni hii ya katikati. Mnaiona? Sasa naomba mtazame zilizo pembeni yake."

Alizieleza moja moja, kwa kidole. Hakupamba. Alieleza kuhusu maji, kuhusu jembe, kuhusu simu ya Nairobi. Alieleza pia kwamba alicheka. Mama mmoja kwenye kwaya alifunika mdomo.

Mzee Abdiel alisimama kabla hajamaliza. Ndiye aliyeandika kwenye grupu, na ndiye aliyekabidhiwa kapu la sadaka. "Mama, samahani. Wewe unasema ulijua siku ile ile. Ni miaka ishirini na nane. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu binti yake alikuja kunigongea geti."

"Asingekuja?"

Sophia, kule mwisho wa karatasi, alifumba macho.

"Asingekuja, Jumamosi ningefungua maonyesho," Hafidha alisema. "Ningepigiwa makofi. Sina jibu zuri zaidi ya hilo, mzee wangu. Nilipewa tuzo, nikajenga nyumba, nikanyamaza."

"Huyu kalipwa," mtu alinong'ona nyuma, kwa sauti ya kusikika. Mwingine akamwambia anyamaze.

Severini alinyanyuka. Hakwenda mbele. Alisimama pale pale kwenye benchi lake, akashika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nilijificha kwenye mafunjo. Hiyo ndiyo sehemu iliyobaki, nanyi sasa mmeijua." Kisha akaanza kutaja majina yote kumi na moja, bila karatasi. Alipofika la nne Mchungaji Fanuel alisimama. Kwaya ikasimama. Wengine wakafuata, na benchi zikatoa mlio. Wapo waliobaki wamekaa, wamekunja mikono, na mzee Abdiel alikuwa mmoja wao mpaka jina la tisa, alipoinuka kwa shida akiegemea fimbo.

Baada ya baraka, nje kwenye nyasi, watu wanne walikuja kumpa Severini mkono. Wengine walipita mbali kidogo, wakijifanya wanatafuta funguo za pikipiki. Abdiel alisema kapu ni lake Jumapili ijayo kama baraza la wazee litaridhia, akasema pia kwamba baraza lina watu wagumu.

Hafidha alingoja watu wapungue ndipo akamsogelea. "Mzee Severini, nisamehe."

"Bado," Severini alisema. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Leo umesema kwa watu mia mbili. Bango lako limesomwa na wangapi? Jumatano ni siku ya soko. Wateja wangu wengi si wa kanisa hili, wanatoka Usa River, Kikatiti, wengine Moshi kabisa. Hao nani atawaambia?"

Hafidha alimtazama mumewe. Abasi alivua kofia akaikunja.

"Soko linaanza kujaa saa ngapi?" Abasi aliuliza.

* * *

Jumatano hiyo walifika kabla wachuuzi wa nyanya hawajamaliza kushusha matenga. Abasi na Princess walichomeka miti miwili mbele ya meza ya miche, wakaikaza kamba, wakaufunga mkanda wa picha saba upepo usiutikise. Sophia alikuwa ameomba kuongezewa likizo, na bosi wake hakusema tena kama ni fupi. Severini hakushughulika nao. Alipanga viriba vyake, parachichi mbele, mipapai nyuma, akakaa.

Hafidha alisimama. Mpaka saa nne alikuwa ameshaeleza mara kumi na tatu. Kuna waliosikiliza mpaka mwisho wakatikisa kichwa, kuna waliocheka, na kijana mmoja aliyetaka kupiga picha aweke mtandaoni. Alimwambia apige zote saba na majina, au asipige kabisa, na alisimama nyuma yake mpaka akahakikisha. Jua lilipopanda Princess alimletea kiti. Alikishukuru, akakiacha. Sauti ilianza kukauka, miguu ikavimba ndani ya viatu, na kila mara alipomaliza aliona kwa jicho lake moja mtu mwingine amepunguza mwendo.

Saa sita hivi mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama mbele ya mkanda. Alitazama katikati, akaonyesha kwa kidevu, maana mikono yote ilishika mzigo.

"Huyo aliyekaa na panga ndiye yule muuaji wanayemsema?"

"Anaitwa Severini, ndiye huyo hapo anauza miche," Hafidha alisema. "Alikuwa anawafunika watu wake. Tua mzigo, mama, nikuonyeshe kuanzia ya kwanza."

Mama yule alisita, akatazama barabara, akamtazama Severini. Severini alikuwa ameshasimama, amenyoosha mikono kumpokea mkungu.